Kibao cha gari kisiwe chapa ya mtu



Lipo wazo linalorudiwa mara kwa mara tunapozungumza juu ya ajali za barabarani, nalo husemwa kwa sauti ya huruma: kiziwi anayeendesha gari, pamoja na kila mlemavu mwenye kushika usukani, walazimishwe kubeba plake ya pekee, ili wengine wapate kujihadhari nao. Wanaolitetea wazo hilo hudhani kwamba wanatenda wema. Sisi tunalipinga. Hatupingi alama; tunapinga alama inayowaonya wazima dhidi ya walemavu, mahali pa kuwabebesha wazima wajibu kwa walemavu.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Je, kiziwi aweza kuendesha gari? Barabara husema zaidi na macho. Vibao, mistari, taa za makutano, mkono wa polisi, taa nyekundu za gari lililo mbele: hayo yote huonwa. Kinachosikiwa ni honi na king'ora, na ambulansi yenye king'ora huwa pia na taa inayozunguka. Asiyesikia hana budi kutazama vioo vyake kwa bidii, maana macho yake ndiyo masikio yake. Kwa upande mwingine, tunawajua wenye masikio mazima wanaofunga madirisha na kufungulia muziki hata gari zima likatetemeka. Tunawajua wamotari wanaobeba abiria huku wameziba masikio kwa visikilizio vya simu. Hao nao hawasikii honi, tena kwa kupenda kwao. Mbona hatujasikia mtu akidai wapewe plake ya pekee?

Tutazame mfano mmoja wa mbali. Huko Japani, watu wasiosikia kabisa walikuwa wakinyimwa ruhusa ya kuendesha kwa sababu ya kipimo cha kusikia honi. Mwaka 2008 sheria ilibadilishwa: wakaruhusiwa, mradi gari liwe na kioo kipana cha nyuma na alama ya kipepeo wa manjano ndani ya duara la kijani, ambaye mabawa yake yamechorwa mfano wa masikio. Alama hiyo ni ya lazima. Lakini sheria ya Japani haikuishia hapo. Imemkataza dereva mwingine kulibana gari lenye alama hiyo au kujipenyeza mbele yake pasipo sababu ya haki, na mkaidi huadhibiwa. Basi kipepeo yule hamwambii kiziwi, “Wewe u hatari.” Humwambia anayemfuata, “Wewe una wajibu.” Wanaotaka plake kwetu wametaja sehemu ya kwanza tu, wakanyamaza juu ya ya pili.

Tena, wazo hilo linachanganya mambo mawili. Asiyesikia na asiyetembea hawana hitaji moja. Asiyetembea anahitaji mahali pa kuegesha karibu na mlango, penye nafasi ya kushushia kiti chake cha magurudumu, na njia isiyokatwa na mtaro. Kiziwi anatembea vizuri. Anachohitaji ni kueleweka anaposimamishwa. Kuwaweka wote wawili chini ya plake moja ni sawa na kumpa blanketi mtu mwenye njaa, kisha kumlaumu kwamba hashukuru.

Na hapa ndipo penye hatari ya kweli katika nchi yetu. Polisi wa rulaje hupiga filimbi. Kiziwi hasikii, naye huhesabiwa kuwa mkimbizi wa sheria. Kwenye bariere usiku, mwenye bunduki hupaza sauti akisema “Simama!”, naye hudhani kwamba kutojibu ni ukaidi. Katika mikoa yetu iliyozoea vita, kosa kama hilo laweza kugharimu uhai. Je, plake itamwokoa? Askari anayemulikwa na taa za gari gizani hasomi plake. Kinyume chake, mwizi anayevizia mchana ataisoma vizuri, naye atajua kwamba dereva huyu hatasikia hatua za mtu nyuma yake. Alama inayoonwa na wote huonwa pia na mwovu.

Dawa ni nyingine. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, dereva kiziwi hupewa kadi anayoiweka ndani ya gari na kumwonyesha polisi anaposimamishwa. Imeandikwa kwamba hasikii, na jinsi ya kuzungumza naye kwa kuandika au kwa kuonyesha picha. Kadi hiyo humfikia yule anayepaswa kujua, haitangazi siri ya mtu barabara nzima. Lakini kadi haitoshi bila askari aliyefundishwa. Afundishwe kutumia taa na mkono kabla ya sauti, na asihukumu ukimya kuwa ni uasi. Kazi hiyo ni ya serikali. Kiziwi asibebeshwe mzigo wake.

Kwa upande wa asiyetembea, hoja yetu ni nyepesi zaidi. Plake hufuata gari, na walemavu wengi wa Kongo hawana gari. Husafiri kwa pikipiki ya kukodi, kwa gari la jirani, au kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Plake itamfaa mwenye mali peke yake. Nchini Uingereza, tangu mpango wao ulipoanza katika miaka ya 1970, haki ya kuegesha huandikwa kwenye kadi inayomfuata mtu mwenyewe, hata akipanda leo gari la ndugu na kesho gari la rafiki. Hilo ndilo tungependa kuliona kwetu: haki imfuate mtu, isifuate chuma.

Wengine watatuambia kwamba kila upendeleo huzaa udanganyifu, nao watatutajia Beach Ngobila, Kinshasa. Ni kweli kwamba pale, kwenye kivuko cha kwenda Brazzaville, walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu walipata nafuu ya malipo, wakajenga biashara, na wazima wakajibandika kwao ili wapitishe bidhaa zao. Lakini tuitazame habari hiyo yote. Nafuu ile ndogo iliwatoa watu wengi katika kuombaomba ikawafanya wachuuzi wenye kulisha jamaa zao. Udanganyifu uliletwa na wenye miguu. Basi kwa hukumu ya namna gani mlemavu anyimwe haki kwa sababu mzima ni mwizi?

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao mwaka 2015, na sheria yetu wenyewe, namba 22/003, ilitolewa tarehe 3 Mei 2022. Wala plake ya pekee si kitu kigeni mitaani kwetu: magari ya mabalozi na ya mashirika ya kimataifa yanayo, na hakuna anayemwonea huruma aliyemo ndani. Sababu ni kwamba nyuma ya plake ile kuna sheria inayoheshimiwa. Alama isiyo na sheria nyuma yake huwa kidole cha kunyoshewa tu.

Na kabla ya kuandika alama yoyote, waulizwe wenyewe. Andrew Foster, Mmarekani aliyekuwa kiziwi, alifungua shule ya viziwi huko Accra mwaka 1957, kisha akaanzisha nyingine katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo, hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Viziwi walijengewa shule na kiziwi mwenzao. Hawakosi watu wa kusema neno lao. Wanaokosekana ni wenye kulitazama.

Vijana, msingoje Kinshasa. Uani pa parokia, tengeni mahali pawili karibu na mlango, mpachore kwa rangi, na asiegeshe hapo hata mkubwa wa shirika. Mwalikeni kiziwi mmoja wa mtaa wenu awafundishe ishara za kusalimia, za kuuliza njia na za kuonya hatari. Nanyi mlio wamotari, msimlipishe mara mbili mwenye magongo kwa sababu amechelewa kupanda. Siku mtakapofanya hayo, ndipo mtakuwa na haki ya kujadili rangi ya plake.