Saumu na mizani ya sokoni

Mwandishi wa makala ya tafakuri ya Ramadhani ameeleza vizuri, ila ameishia msikitini. Katika Suratul Baqara, hukumu za saumu zinaanzia aya ya 183, ambako lengo lake linatajwa kuwa ni uchamungu, hadi ya 187 inayogusia itikafu. Aya ya 188, papo hapo, inakataza kuliana mali kwa batili. Mpangilio huo unatosha kutufundisha kwamba aliyejizuia na chakula chake cha halali mchana kutwa hana udhuru wa kugusa cha mwenziwe. Basi darsa za alasiri misikitini hapa Tanga zina mtihani wake pale sokoni Ngamiani, kwenye mafungu ya mihogo na magimbi na kwenye nazi za futari.

Wapo watakaosema bei hupanda kwa sababu wanunuzi wameongezeka, na faida si haramu. Ni kweli, hata Mtume (S.A.W.) alipoombwa apange bei Madina alikataa. Lakini huyohuyo alikemea kuficha bidhaa ili zipande. Kupanda kwa soko ni jambo moja, kulipandisha makusudi ni jingine. Wengine watasema saumu ni siri ya mja na Mola wake. Nia ndiyo siri. Matunda yake huonekana. Hadithi katika Sahihi Bukhari inaeleza kuwa asiyeacha uongo, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula. Mizani iliyopunjwa ni uongo pia, hata kama muuzaji hakutamka neno.