Mfanya mazingaombwe naye hula jasho lake

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu mkuu alitutangazia Jumatatu moja kwamba Ijumaa ingekuwa siku ya mazingaombwe na kila mwanafunzi alete shilingi kumi. Siku ilipowadia tulijazana darasani kama dagaa, madawati yamesukumwa ukutani. Yule bwana alimeza nyembe, akavuta kitambaa kirefu kutoka kinywani, kisha akachana vipande vya gazeti, akavifumba kiganjani, na alipokifumbua zikatoka noti za shilingi mia moja. Tulipiga mayowe hadi walimu wakaja kutunyamazisha.

Jioni tukirejea nyumbani, mvulana mmoja ambaye hakuwa na shilingi kumi, na aliyetazama yote hayo kupitia dirishani, alituuliza, "Kama anageuza karatasi kuwa pesa, mbona alitutoza?" Hakuna aliyemjibu.

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu ya mama mmoja aliyenijia majuzi akiwa na dukuduku. Mwanawe amehitimu uhasibu, karo imelipwa kwa taabu, lakini badala ya kutafuta kazi ya ofisini, kijana anashinda chumbani na karata, kamba na vitambaa. Amewaambia wazazi wake kwamba kazi aliyoichagua ni mazingaombwe. Mama aliniuliza mambo mawili: Je, kuna riziki huko? Na je, huo si ushirikina?

Msomaji wangu mpendwa, tuanze na hilo la riziki. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi huwaheshimu sana wahenga, lakini katika kazi hii methali hiyo imewalaza njaa wengi. Kijana hukesha akifanyia mkono wake mazoezi mpaka karata inatoweka kweli kweli, kisha hukaa akingoja simu ilie. Hailii.

Hebu tutazame maisha ya Harry Houdini, ambaye jina lake linajulikana hadi leo ingawa alifariki Oktoba 31, 1926, katika mji wa Detroit, Marekani. Alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka 1874, akapewa jina Erik Weisz. Baba yake alikuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Familia ilihamia Marekani na ikaonja umaskini. Akiwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha tai huko New York, na mwaka 1891 akaiacha ili aishi kwa mazingaombwe. Jina lake la jukwaani alilitoa kwa Robert-Houdin, fundi wa saa wa Ufaransa aliyefungua ukumbi wake wa mazingaombwe mjini Paris mwaka 1845.

Je, alitajirika mara moja? La, hasha! Kwa takriban miaka minane, na tangu mwaka 1894 akiwa pamoja na mkewe Bess waliyeoana mwaka huo, alihangaika katika kumbi za bei rahisi, akirudia onyesho lile lile mara nyingi kwa siku moja. Alicheza karata, akatoa njiwa, akafungua pingu, akafungiwa sandukuni. Kila kitu alikijua, na hakuna aliyemkumbuka kwa lolote. Kufikia mwaka 1898 alikuwa amekata tamaa kiasi cha kuchapisha orodha ya kuuza siri zake na kutangaza shule ya kufundisha mazingaombwe.

Mwaka 1899, katika mji wa St. Paul jimboni Minnesota, msimamizi wa kumbi aitwaye Martin Beck alimtazama na kumshauri jambo moja: aachane na vijimchezo vingi, ashike pingu na sanduku. Beck akampa kandarasi ya dola 60 kwa wiki. Mikono ya Houdini ilikuwa ile ile, na ufundi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu angeweza kumweleza jirani yake kwa sentensi moja: "Ni yule asiyefungika."

Hilo ndilo somo la kwanza kwa kijana wetu. Asijitangaze kwamba anafanya kila kitu popote pale. Mtoto wa miaka minne anataka rangi na kicheko, na hufurahi zaidi pale mfanya mazingaombwe anapojifanya amekosea. Mtu mzima anataka karata iwe mkononi mwake mwenyewe. Mtalii katika hoteli ya Pwani anataka jambo lisilohitaji lugha. Kampuni inayozindua bidhaa inataka bidhaa hiyo ndiyo itokee sandukuni, wala si sungura. Hizo ni kazi nne tofauti. Achague moja, aijue barabara, kisha ajulikane nayo.

Somo la pili ni kutembeza. Kila mji alioingia, Houdini alikwenda kituo cha polisi na kuomba afungwe pingu, na alihakikisha waandishi wa magazeti wapo. Baadaye alining'inizwa kichwa chini, amevishwa shati la kufungia wendawazimu, nje ya majengo yenye ofisi za magazeti. Gazeti lingeachaje kuandika jambo lililotokea mlangoni pake? Machi 17, 1904, jijini London, gazeti moja lilimletea pingu ambazo fundi wa Birmingham alisemekana kuzitengeneza kwa miaka mitano. Watu wapatao 4,000 walikaa kwa zaidi ya saa moja wakitazama pazia dogo ambalo yeye alikuwa nyuma yake. Alipotoka mikono mitupu, walimbeba mabegani.

Kijana wetu hana haja ya kujining'iniza. Aende kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu, aombe dakika 15 siku ya kufunga shule, bila malipo, mara moja tu. Akimaliza, aombe barua yenye muhuri na majina ya watu wawili ambao huenda wakamhitaji. Barua hiyo aitie katika faili pamoja na picha safi, na awe na kadi yenye jina, nambari ya simu na sentensi moja ya kazi yake. Wateja wengi wa kazi hii hutoka miongoni mwa waliokuwa wamekaa kwenye onyesho lililopita. Kwa hivyo asimwaibishe mgeni jukwaani ili wengine wacheke. Yule aliyeaibishwa huenda ndiye angemwalika mwezi ujao.

Sasa pesa. Tuseme ametoza shilingi 10,000 kwa sherehe ya kuzaliwa ya mtoto. Aondoe 2,500 za gari la kubeba mizigo, 1,500 za msaidizi, na 1,000 za vitu vinavyotumika mara moja vikaisha. Zinabaki 5,000. Akipata sherehe sita kwa mwezi ni 30,000, na sherehe nyingi huwa Jumamosi. Desemba atakimbia huku na huko. Januari, wazazi wakilipa karo, atakaa. Asiyeweka akiba Desemba atauza sanduku lake Februari.

Wengi hutoza kidogo wakidhani wanauza nusu saa. Nusu saa hiyo imebeba miezi ya mazoezi na siku nzima ya safari. Kwa hivyo apatane na mteja kwa maandishi: tarehe, saa, nafasi iliyopo, idadi na umri wa watazamaji. Apokee nusu ya malipo mapema, kwa M-Pesa au mkononi, na atoe risiti. Na afike saa moja kabla. Mtoto aliyengoja sana hataki miujiza, anataka keki.

Hapa ndipo nilipomwambia yule mama kwamba ile diploma ya uhasibu haikupotea. Wafanyaji mazingaombwe hodari ni wengi kuliko wanaojua kuweka hesabu zao.

Tuje kwenye swali la pili, ambalo naona ndilo lililokuwa likimnyima mama usingizi. Hofu yake ina msingi. Nchini mwetu mtu akitoa njiwa kofiani, wapo watakaopiga makofi na wapo watakaokemea mapepo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyotungwa mwaka 1925, inamlenga anayejifanya ana nguvu za kichawi kwa nia ya kutisha, kuudhi au kudhuru watu. Mpaka kati ya mchezo na utapeli ni mwembamba, lakini upo, na anayeuchora ni mfanya mazingaombwe mwenyewe kwa maneno ya kinywa chake.

Houdini aliuvuka mpaka huo wakati mmoja. Katika ile miaka ya njaa, yeye na mkewe walijiunga na kundi la wachuuzi wa dawa huko Kansas, akajifanya anazungumza na wafu, na watu waliofiwa wakamwamini. Pesa zilipatikana. Baadaye aliandika kwamba alijuta kuwachezea waombolezaji. Katika miaka yake ya mwisho alizunguka akiwafichua waliojidai kuita mizimu, na mwaka 1926 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuunga mkono sheria dhidi ya watabiri wa kulipwa.

Kwa hivyo kijana na aanze kila onyesho kwa kusema wazi: "Huu ni ufundi wa mikono na macho, hakuna jini hapa." Wengine huogopa kwamba kusema hivyo kutaharibu utamu. Hautaharibika. Watazamaji wakiondolewa hofu ndipo hustaajabu kwa raha. Na siku mgonjwa au mfiwa atakapomfuata nyuma ya jukwaa akiomba msaada wa nguvu zake, akatae, hata kama amewekewa kitita mezani na kodi ya nyumba haijalipwa. Siku hiyo ndiyo itakayoonyesha amejifunza kazi gani.

Nilimshauri mama ampe mwanawe mwaka mmoja na daftari moja. Kila mwezi wakae pamoja mezani, waandike kilichoingia na kilichotoka. Daftari likikataa, arudi ofisini na abaki na mchezo wa kufurahisha wajomba zake. Likikubali, mama atakuwa ameiona riziki hiyo kwa macho yake, nayo haitakuwa kiinimacho.

Na yule mvulana wa dirishani sasa ningeweza kumjibu. Bwana yule alitutoza kwa sababu hakuwa na uwezo wa kugeuza karatasi kuwa pesa. Alichoweza ni kuwafanya watoto mia mbili waliochoka kwa hesabu na Kiingereza wasahau yote kwa saa moja, kisha abebe sanduku lake begani na kutembea hadi shule nyingine. Shilingi kumi haikuwa bei mbaya.