Fukusi Naye ni Shahidi wa Historia

Mkulima wa Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, afunguapo gunia la mahindi na kukuta punje zimegeuka unga, hutambua mara moja kwamba huyo si fukusi, bali ni dumuzi. Majina hayo mawili yanabeba historia. Dumuzi asili yake ni Amerika ya Kati. Alibainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nchini Kenya alionekana kwanza Taveta mwaka 1983. Hivyo, mwanaakiolojia wa kesho akikuta ganda la dumuzi katika mabaki ya ghala la Voi, atajua kuwa ghala hilo lilitumika baada ya mdudu huyo kuingia.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba simulizi ya miji ya kale ya Waswahili imeegemea mno mawe na kaure. Tangu James Kirkman aanze kuchimbua Gede mwaka 1948, misikiti, makaburi na vyombo vya Uchina vimeeleza mengi kuhusu matajiri. Lakini kaure haielezi nafaka ya mnyonge ilihifadhiwaje, wala iliharibikaje. Huko York, Uingereza, wadudu wa nafaka waliokutwa katika mabaki ya ghala la enzi ya Warumi walidhihirisha kwamba pamoja na shehena za chakula ilisafiri hasara pia.

Yamkini atatokea wa kupinga kuwa York ina tope lisilopitisha hewa, ambalo huhifadhi wadudu, ilhali udongo wetu huwaozesha na mchwa humaliza kilichosalia. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halifungi mlango. Visima na vyoo vya kale vyaweza kuwa na unyevu wa kutosha. Aidha, watafiti wa Japani wamegundua chapa za fukusi ndani ya vyungu vya maelfu ya miaka: mdudu alifinyangwa pamoja na udongo, akaungua tanuruni, umbo lake likabaki. Vigae vya pwani yetu vimejaa makumbusho. Kinachohitajika ni kuvitazama upya.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana wajibu. Wakusanye majina ya wadudu kutoka kwa wakulima na wafinyanzi kabla hayajasahaulika, kwani mtafiti asiyetofautisha fukusi na dumuzi atasoma ushahidi kombo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na adharauye fukusi atakosa nusu ya historia.