Mdomo sungura si mkosi, tuwapeleke watoto mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya watoto wanaozaliwa na mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka, pengine pamoja na kaakaa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ukerewe. Mwaka mmoja niliandikisha darasa la kwanza mtoto wa miaka tisa mwenye hali hiyo. Wazazi walikuwa wamemficha kwa aibu, majirani wakidai mama karogwa. Hesabu alizijua kuliko wenzake, lakini kila alipojibu swali darasa zima lilicheka, maana sauti ilitokea puani. Mwishowe akanyamaza kabisa.

Wananchi wenzangu, huo si uchawi wala laana. Uso wa mtoto huungana tumboni katika majuma ya mwanzo ya mimba. Pande zisipokutana, ufa hubaki. Duniani hutokea kwa mtoto mmoja hivi katika kila 1,000 hadi 1,500. Mdomo huweza kushonwa mtoto akifikisha miezi mitatu hivi, akiwa na uzito wa kutosha, na kaakaa yafaa izibwe kabla ya miezi 18, hajazoea kusema vibaya. Akicheleweshwa hadi umri wa shule mdomo utashonwa, lakini usemi hunyooka kwa taabu.

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 pale Mwanza, imewashona watoto wengi bila malipo kwa msaada wa shirika la Smile Train. Basi kinachotushinda si malipo ya daktari. Ni nauli ya meli kutoka Nansio, chakula cha mama anayeuguza, na kutojua.

Nashauri zahanati inayompokea mtoto wa namna hii impe mama barua ya Bugando mara moja, na imfundishe kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe na kijiko. Mwenye kaakaa iliyopasuka hawezi kunyonya vizuri, na wengine hudhoofika hata kufa. Serikali za vijiji zichangishe nauli kama tunavyochangishana kwenye misiba. Nasi walimu tukomeshe vicheko darasani.

Mwanafunzi wangu alishonwa akiwa na miaka kumi. Leo anasoma kwa sauti mbele ya wenzake, ingawa baadhi ya herufi bado zinamshinda. Hizo ndizo deni letu kwake, sisi tuliomwacha akae nyumbani miaka tisa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ukerewe, Mwanza.