Tusiandike Amri Bila Kusoma Jibu



Wengi wenu mnaosoma kompyuta huko skuli mmeshafika kwenye kile kioo cheusi kisicho na picha za kubonyeza, ambapo kazi ni kuandika amri tu. Mahali hapo huitwa sheli (si ile ya kujazia mafuta). Wapo wazazi wanaokiogopa, wakidhani ni mlango wa wezi wa mitandaoni. Sivyo. Ni njia kongwe ya kusema na kompyuta, nayo ilitumika tangu siku za mwanzo za Unix, iliyoanza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani. Bash, sheli inayotumika sana kwenye Linux, ilitolewa mwaka 1989.

Hatuna ugomvi na sheli. Ugomvi wetu ni namna inavyosomeshwa. Mwanafunzi hupewa karatasi ya amri ishirini, akazihifadhi, akaziandika moja moja, akapata cheti. Muulize kompyuta ilimjibu nini: hajui. Sisi walimu wa madrasa tunaijua hali hiyo. Anayekariri tu, ukimkatiza katikati hawezi kuendelea.

Chukueni amri ya pwd. Jibu lake ni mstari mmoja, mathalani /home/mwalimu/matokeo, yaani upo ndani ya folda ya matokeo. Mstari mfupi, lakini ndio unaokulinda. Kwa sababu rm hufuta faili, na kwa kawaida haikuulizi kama una hakika, wala hailiweki kwenye kapu la taka ukaweza kulirudisha. Ukidhani upo kwenye folda ya mazoezi kumbe upo kwenye matokeo ya mtihani, ukaandika rm *, kazi ya muhula mzima imekwenda, na sheli itanyamaza kana kwamba hapakuwa na kitu.

Kimya hicho nacho ni jibu. Amri ya cp ikifanikiwa kunakili haisemi neno, na mwanafunzi hudhani imekataa, akairudia. Mwenye shaka aandike echo $? papo hapo. Ikitoka 0, amri imefanikiwa. Namba nyingine yoyote, pana tatizo. Hata hivyo tahadharini: cp ikikuta huko inakopeleka faili lenye jina lile lile, hulifuta la zamani na kuweka jipya, na bado itatoa 0.

Halafu kuna maneno ya Kiingereza yanayowatisha watoto. "No such file or directory" ni kuwa faili halipo hapo, na mara nyingi ni jina tu limekosewa, maana kwenye Linux Majina na majina ni vitu viwili. "Permission denied" ni kunyimwa ruhusa. Hapo wengi hukimbilia sudo, ambayo ni kujitwalia mamlaka ya msimamizi, na tabia hiyo hatuipendi kabisa. Kwanza andika ls -l. Ukiona -rw-r--r--, mwenye faili anaruhusiwa kusoma na kuandika, wengine wote kusoma tu. Basi kamuulize mwenyewe.

Tunawaomba walimu wa kompyuta: kila amri kwenye daftari iandikwe pamoja na jibu lake, na maana yake kwa Kiswahili. Na mtihani uwe hivyo hivyo. Wapeni watoto mstari mmoja wa ls -l, waulizeni nani anaruhusiwa kuliandika faili hilo. Amri ishirini zikipungua zikawa sita, sisi hatuoni hasara.