Mwenye kuandika, naye anachanja

Siku ya chanjo, macho yote yanatazama mama muganga mwenye sindano. Karibu naye, ku meza ndogo, kuko mutu mwingine ambaye hakuna anayemutazama. Yeye njo anaandika ndani ya rejista: jina la mutoto, tarehe, chanjo gani, chupa ngapi zimebakia. Wengi wanasema: "Ile ni mambo ya makaratasi tu." Sisi watu wa migodi hatupashwi kusema vile.

Juu ya nini? Hakuna muchimbaji anayeacha mufuko wake ku depo bila kuona mizani na bila kushika boni yake. Anajua: kilo ambayo haikuandikwa, hailipwi. Kwa mutoto ni vile vile. Kama chanjo haikuandikwa, muganga wa kituo kingine hatajua mutoto amefikia wapi.

Na watoto wetu wanahama sana. Baba anasikia kobalti imetoka upande wa Fungurume, jamaa yote inaacha Kolwezi. Mutoto alipata penta ya kwanza ku juma ya 6; anapashwa kurudi ku juma ya 10 na ya 14, kisha surua ku miezi 9. Kama fishi yake ilibakia ku nyumba ya kupanga, nani atafuata hesabu hiyo?

Kuko jambo kubwa kupita hilo. Katika Kongo, watu walihesabiwa mara ya mwisho mwaka wa 1984. Tangu pale, Leta inakadiria tu. Lakini kambi ya wachimbaji inaota ndani ya miezi michache, na chanjo zinatumwa kufuatana na hesabu ya watoto. Mutoto asiyejulikana, chupa yake haiji. Wenye kuonyesha kama yuko, ni reko anayepita nyumba kwa nyumba na daftari, na mwandishi ku ofisi ya zone ya afya anayekusanya karatasi hizo kila mwezi. Surua ya 2019 na 2020 iliua zaidi ya watu 6 000 katika inchi yetu, wengi wao watoto wadogo. Ugonjwa huu unatafuta pahali penye watoto wengi bila chanjo.

Mwingine atasema: feza ni kidogo, tununue dawa kwanza, karatasi baadaye. Lakini chupa ya surua mara nyingi ni ya watoto 10, na ikisha kuchanganywa inatupwa kisha saa 6. Bila kujua watoto wangapi watakuja, unamwanga dawa, ao unawarudisha wamama nyumbani. Daftari njo inaokoa chupa.

Hata hivyo, wengi wa waandishi hao wanangojea prime inayochelewa, na reko wengi wanafanya kazi bure. Mafuta ya pikipiki ikikosekana, ripoti inalala.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inaomba kampuni zenye kuchimba zitenge angalau 0,3 % ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Kujenga kituo cha afya ni vizuri, lakini ukuta hauhesabu watoto. Wajumbe wetu ndani ya komite hizo waombe pia rejista, mafuta, na malipo ya wale wanaoandika. Ni feza kidogo mbele ya bei ya jengo moja.

Na sisi, tufanye sehemu yetu. Fishi ya mutoto iwekwe ndani ya sashe, pamoja na karte ya kura ya baba. Siku ya kuhama, itoke mbele ya sufuria. Na mukifika kambi mupya, mutafute reko mbele hajawatafuta, mumwambie: hapa kuko mutoto, andika jina lake.