NYUMA YA PAZIA: Mtu Aliyekuwa Ndani ya Zimwi

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo inawafaa sana watazamaji wa picha ya sinema iitwayo Alien, iliyotolewa mwaka 1979 chini ya uongozi wa Mwingereza Ridley Scott. Tangu mwaka huo picha hiyo imewanyima usingizi watu wazima, sembuse watoto. Lakini mtazamaji akielezwa jinsi zimwi lile lilivyotengenezwa, na ni nani aliyekuwa ndani yake, hofu humpungua na mahali pake huingia heshima.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Watu saba, pamoja na paka wao Jones, wanasafiri angani katika chombo kiitwacho Nostromo. Wanatua mahali pageni, na mmoja wao anarudishwa chomboni akiwa amegandwa usoni na kiumbe kisichojulikana. Kutoka kwa kiumbe hicho linazaliwa zimwi ambalo linakua upesi na kuwawinda wasafiri mmoja baada ya mwingine.

Picha ilipigwa mwaka 1978 katika studio za Shepperton, karibu na London. Umbo la zimwi lilibuniwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger, na mitambo ya kuchezesha kichwa chake iliundwa na fundi wa Italia, Carlo Rambaldi. Hata hivyo, vazi bila mtu ni gunia tu. Scott hakutaka mtazamaji atambue kwamba ndani ya mpira ule mna binadamu. Alihitaji mtu mrefu kupita kiasi, mwembamba kama mwanzi, mwenye mikono na miguu isiyo ya kawaida kwa urefu.

Mtu huyo alionwa na wakala wa waigizaji katika baa moja mjini London. Alikuwa kijana wa Nigeria, Bolaji Badejo, aliyezaliwa mwaka 1953, mwanafunzi wa sanaa ya michoro. Kimo chake kilikaribia futi saba. Hakuwa amewahi kuigiza katika sinema yoyote.

Kazi aliyopewa haikuwa ya mchezo. Alifundishwa taichi, yaani mazoezi ya Kichina ya kuujongeza mwili polepole, pamoja na sanaa ya kuigiza bila kusema, ili mwendo wake usifanane na wa mtu. Joto ndani ya vazi lilikuwa kali mno, hasa kichwani, hata hakuweza kukivaa kichwa kile zaidi ya dakika 15 au 20 kwa mara moja. Kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kitini. Ikabidi atengenezewe bembea maalumu ya kupumzikia. Pale palipohitajika kuning'inia na kuanguka, wataalamu wawili wa michezo ya hatari, Eddie Powell na Roy Scammell, walivaa vazi hilo badala yake.

Mengineyo yanayotisha yalitoka jikoni na buchani. Ndani ya yai la zimwi mlitiwa matumbo ya ng'ombe. Kiumbe kilichopasuliwa mezani kilijazwa chaza na figo la kondoo. Yule mhudumu wa chombo ambaye kumbe ni mashine, anapovunjika, vitu vyeupe vinavyomtoka ni maziwa, tambi, mayai ya samaki na gololi za kioo. Mama wa nyumbani angeweza kuvikusanya vingi vya vitu hivyo katika safari moja ya sokoni.

Wapo pia walioonekana katika picha bila kutambuliwa. Kinachotikisika ndani ya yai kabla halijafunguka ni mikono ya Scott mwenyewe, amevaa glavu za mpira. Tena, ili mandhari ya sayari ngeni yaonekane makubwa zaidi, Scott aliwavika wanawe wawili mavazi madogo ya anga wakasimama badala ya waigizaji wakubwa. Basi katika picha iliyowatisha watoto wa dunia nzima, watoto nao walifanya kazi.

Mwaka 1980 picha hiyo ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa maono ya ajabu, nayo ikawaendea watu watano, wakiwamo Giger na Rambaldi. Tuzo hiyo ni ya mafundi, si ya waigizaji, kwa hiyo Badejo hakuwamo. Jina lake limo katika orodha inayopita mwishoni mwa picha, wakati ambapo watazamaji wengi wamekwisha kuinuka vitini.

Badejo hakuigiza sinema nyingine. Alirejea kwao Nigeria, akafariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 39, kwa maradhi ya selimundu. Wazazi wengi wa Afrika wanayafahamu maradhi hayo. Ndiyo yanayowaamsha watoto usiku wakilia maumivu ya viungo. Selimundu haiambukizwi, wala hairushwi na jirani mwenye husuda. Mtu huzaliwa nayo, akiwa ameirithi kwa baba na mama. Kwa hiyo kijana aliyevumilia joto lile na uzito ule alikuwa na ugonjwa huo mwilini tangu siku ya kuzaliwa kwake, na watazamaji waliomwogopa hawakuwa na habari.

Picha hii haifai kuonyeshwa watoto wadogo. Lakini mzazi atakayeitazama pamoja na vijana wake waliokomaa asiizime mara zimwi linapokwisha kushindwa. Asubiri majina yapite, awaonyeshe jina la Bolaji Badejo, na awaeleze kwamba kiumbe kilichowatia hofu kilikuwa mwanafunzi wa Kiafrika aliyekuwa akitimiza kazi yake kwa uvumilivu, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuuona uso wake. Askari aliyewahi kulinda lindo la usiku hatahitaji maelezo marefu zaidi.